Mtoto wa miezi 10 hatambai na fomu imetoa rangi nyekundu: je, ana mtindio wa ubongo?

SWALI: Shikamoo, Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne, niko kwenye mafunzo ya vijijini upande wa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Juma lililopita mama mmoja anayeuza mukene (dagaa) sokoni alimleta binti yake wa miezi 10 kupimwa uzito. Alikuwa na kilo 7.5. Nikamjazia fomu ya kuchuja ukuaji. Mtoto hatambai, na fomu ikaangukia kwenye nyekundu, rangi ya kushuku tatizo. Nilikuwa nimeambiwa fomu ile ina usahihi wa 90%, basi nikamwambia mama kwamba kuna uwezekano wa asilimia 90 mtoto ana mtindio wa ubongo, yaani ubongo umeathirika na mwili hausogei inavyopaswa. Mama akalia. Msimamizi wangu aliposikia alinigombeza mbele ya wenzangu, akasema sijui takwimu wala sijui watoto. Kama kipimo chenyewe ni kizuri, mimi nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msimamizi wako angekuita pembeni, hilo nalisema wazi. Mtu akigombezwa hadharani hujifunza kuficha makosa tu. Hata hivyo kosa lipo, na liko katika sentensi moja uliyoigeuza kichwa chini.

Fomu inasema hivi: ukiwachukua watoto 100 wenye mtindio wa ubongo, 90 kati yao wataangukia kwenye nyekundu. Wewe ulimwambia mama hivi: ukiwachukua watoto 100 walioangukia kwenye nyekundu, 90 kati yao wana mtindio wa ubongo. Ukizisoma haraka zinafanana. Sasa simama hapo mpakani uangalie barabara. Karibu kila mwendesha boda ni mwanamume. Je, kila mwanamume unayempita Busia ni mwendesha boda?

Tufanye hesabu, na tuifanye kwa watoto badala ya asilimia, maana asilimia ndizo zilizokuponza. Kwanza lile neno "usahihi" tuliweke kando. Halituambii kitu. Mtu akikaa kwenye kiti, akakataa hata kumtazama mtoto, na kila anayeletwa akasema "hana mtindio", atakuwa sahihi kwa zaidi ya 99%. Tunachohitaji ni namba mbili. Ya kwanza ni unyeti, yaani kati ya wenye tatizo fomu inawanasa wangapi. Ya pili ni umahususi, yaani kati ya wasio na tatizo fomu inawaachia wangapi waende nyumbani kwa amani. Tuipendelee fomu yako, tuseme zote mbili ni 90%.

Namba ya tatu ndiyo uliyoisahau, na haimo ndani ya fomu. Imo kijijini. Tatizo lenyewe ni la kawaida kiasi gani? Hapa Uganda tuna bahati, kwa sababu watafiti wamepita nyumba kwa nyumba Iganga na Mayuge, si mbali na hapo ulipo, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 walikuta mtindio wa ubongo kwa karibu watoto 3 kati ya kila 1,000.

Chukua karatasi uandike watoto 10,000. Wenye mtindio ni 30. Fomu inawanasa 27, watatu wanaponyoka. Wasio na mtindio ni 9,970. Fomu inawaachia 8,973, lakini 997 inawapaka nyekundu bure. Sasa wakusanye wote wenye nyekundu chini ya mwembe mmoja: 27 na 997, jumla 1,024. Wenye mtindio kweli ni 27. Ni kama mtoto mmoja kati ya 38, chini kidogo ya 3%.

Yaani mama yule aliambiwa 90 kwa mia, na jibu la karatasi ni chini ya 3 kwa mia. Kipimo ni kilekile na hakijaharibika. Kilichotokea ni kwamba wazima ni wengi mno, hata kosa dogo likiwapata wao linawazidi wagonjwa wote waliopo.

Sasa ubebe fomu hiyohiyo uende nayo kwenye kliniki ya watoto waliochelewa kulia walipozaliwa na kulazwa wakiwa na degedege. Tuseme, kwa mfano tu, huko mtindio unawapata 20 kati ya 100. Katika watoto 10,000 wa namna hiyo, wenye tatizo ni 2,000 na fomu inanasa 1,800. Wasio nalo ni 8,000, na fomu inawapaka nyekundu 800. Chini ya mwembe wako 2,600, na 1,800 kati yao, yaani karibu 69%, wana tatizo kweli. Fomu haijabadilika hata nukta. Waliobadilika ni watu waliosimama mbele yake.

Ndiyo maana maswali ya historia, yale mnayoyaona ni ya kujaza nafasi kabla ya "kupima", ndiyo yanayokuambia umesimama kwenye kliniki ipi kati ya hizo mbili. Alilia mara tu alipozaliwa? Alipata manjano makali siku za mwanzo? Aliwahi kupoteza fahamu kwa malaria, au kupata homa ya uti wa mgongo? Hili la mwisho usilipite haraka. Katika utafiti uleule wa Iganga na Mayuge, karibu robo ya watoto wenye mtindio walielekea kuupata baada ya kipindi cha uchanga, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa vizuri bado unapaswa kumuuliza mama yake. Na je, alizaliwa akiwa ametimia? Mtoto njiti aliyezaliwa wiki ya 32 na leo ana miezi 10 kwenye kadi, kwa ukuaji ana miezi 8 tu. Unamtoa wiki 8 zile hadi afikishe miaka miwili. Nimeona fomu nyingi zenye nyekundu ambazo dawa yake ilikuwa kalenda.

Hujaniandikia hata moja ya majibu haya. Nadhani hukuuliza. Sikulaumu, nami nilikuwa hivyohivyo.

Tuje kwenye kutambaa kwenyewe, maana hapo msimamizi wako alikuwa na haki zaidi.

Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wa nchi mbalimbali kati ya 1997 na 2003 ili kutengeneza chati za ukuaji tunazotumia leo, zile zilizotoka mwaka 2006. Katika nchi tano kati ya hizo, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, watoto wapatao 800 waliangaliwa pia hatua zao za mwili: kukaa, kutambaa, kusimama, kutembea. Hawa walichaguliwa kwa makusudi wawe watoto wenye afya, wananyonya, na mama zao hawavuti sigara. Hata miongoni mwao, dirisha la kutambaa kwa mikono na magoti, yaani umri ambao watoto wazima huanza kufanya hivyo, lilianzia miezi 5.2 likaishia miezi 13.5. Asilimia 4.3 hawakutambaa kabisa. Walikaa, wakasogea kwa makalio au wakajivuta wasimame, wakaenda zao. Mwaka 2022 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilipopitia upya orodha yake ya hatua za ukuaji, kutambaa kuliondolewa kabisa.

Kwa hiyo binti wa miezi 10 asiyetambaa bado yumo ndani ya dirisha, tena ana zaidi ya miezi mitatu kabla halijafungwa. Na kufungwa kwa dirisha nako usikuelewe vibaya. Mpaka ule umewekwa kwenye pasentaili ya 99, yaani mtoto mmoja mzima kati ya 100 ataupita kwa kawaida yake tu. Wilaya ikizaa watoto 10,000 kwa mwaka, 100 wazima kabisa wataupita. Mpaka unakuambia mwangalie vizuri huyu. Hausemi huyu ni mgonjwa.

Lakini hapo kuna jambo ambalo hukulitaja, nami ndilo linaloniwasha. Je, anakaa? Dirisha la kukaa bila kushikwa linafungwa miezi 9.2. Mtoto wa miezi 10 ambaye hatambai lakini amekaa imara mkekani, anageuka kuchukua kijiko nyuma yake bila kuanguka, simwogopi. Mtoto wa miezi 10 ambaye hatambai na ukimkalisha anakunjika kama shuka, huyo namtuma leo, hata kama fomu ingetoa kijani.

Nikwambie na jambo la Uganda yetu, kwa sababu mjadala huu ulipita hapa zamani. Miaka ya 1950 daktari Mfaransa, Marcelle Geber, akishirikiana na daktari mwenzake Rex Dean, aliwapima watoto wachanga wa Kampala, wakatangaza kwamba watoto wa Kiganda wanawatangulia wa Ulaya katika ukuaji wa mwili. Habari ile ilisafiri sana, na wengine wakaibebesha maneno ya rangi na asili. Wakosoaji wakaja baadaye na maswali ambayo mtihani wako wa takwimu utakuuliza: hao watoto walipatikanaje, na wanalinganishwa na nani? Watoto wa Kampala walikuwa wanapimwa kwa viwango vilivyotengenezwa kwa watoto wa kizungu, mahali pengine, na wapimaji wengine. Miaka ya 1970, ng'ambo ya mpaka wako hapo, Mmarekani Charles Super aliwaangalia watoto wa Kipsigis nchini Kenya. Alikuta wanakaa na kutembea mapema, lakini kutambaa hawakutangulia. Sababu haikuwa damu. Kukaa na kutembea mama zao waliwafundisha, wakawa na maneno maalumu ya mafunzo hayo. Kutambaa hakuna aliyehangaika kuwafundisha.

Rudi sasa kwa mama wa mukene. Biashara ile inaanza alfajiri. Mtoto anashinda wapi? Mgongoni, au ndani ya beseni chini ya meza, au kwenye paja la dada mtu. Chini kuna matope, maji ya samaki na miguu ya wateja, na hakuna mama mwenye akili timamu atakayemweka mtoto hapo ajizoeze magoti. Waganda wana methali, "mwana mugimu ava ku ngozi", mtoto mwenye afya hutoka kwenye ngozi ya kubebea, na ndiyo iliyokipa jina kituo cha lishe cha Mwanamugimu pale hospitali ya Mulago, Kampala. Mtoto wa mgongoni anapata mengi, ila nafasi ya kutambaa si mojawapo. Fomu inauliza "anatambaa?" haiulizi "aliwahi kuwekwa chini?"

Kama fomu ingekuwa imetengenezwa kwa watoto wetu, swali hilo lingekuwa limekwisha kufikiriwa. Wenzetu wa Malawi walifanya hivyo, wakatengeneza kipimo chao kilichochapishwa mwaka 2010, baada ya kuyatupa maswali ya vitu ambavyo mtoto wa kijijini hajawahi kuviona. Kabla hujaamini rangi yoyote, uliza fomu ilizaliwa wapi.

Uzito nitaupitia kwa ufupi, ingawa naona ulikutia hofu nao. Kwa msichana wa miezi 10 mediani, yaani uzito wa katikati, ni kilo 8.5, mstari wa −1 ni kilo 7.5, na mstari wa −2, tunapoanza kusema uzito pungufu, ni kilo 6.7. Binti yako amekaa juu ya mstari wa −1 sawasawa. Takriban mtoto 1 kati ya 6 wenye afya yuko hapo au chini yake. Hizo −1 na −2 huitwa alama z, nazo ni umbali tu kutoka katikati, unaopimwa kwa hatua za mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi watoto wanavyotofautiana) badala ya kilo, ili mtoto wa miezi 2 na wa miezi 20 waongee lugha moja.

Ila nukta moja haina mwelekeo. Fungua kadi yake. Kama kwenye miezi 6 alikuwa na kilo 6.5, basi alikuwa kwenye −1 wakati ule na yuko kwenye −1 leo, anafuata njia yake, mwache aende. Kama alikuwa na kilo 7.3, alikuwa katikati kabisa, na kwa miezi minne ameongeza gramu 200 tu. Huyo ana jambo: ameugua, au chakula cha nyongeza hakijaanza vizuri, au mama ana mimba nyingine na amemwachisha. Nukta ya leo ni ileile kwa wote wawili. Mpime na mkono kwa utepe: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kati ya hapo na 12.5 ni wa wastani.

Na uiangalie mizani. Nilipokuwa mdogo kazini niliwapima watoto wa kijiji kizima kwa mizani ya kuning'iniza, nikaandika ripoti ya fahari kwamba utapiamlo karibu umekwisha. Muuguzi mmoja mzee akaning'iniza suruali ya kupimia peke yake, bila mtoto. Sindano ikasimama kwenye gramu 300. Asubuhi ile sikuwa nimeirudisha kwenye sifuri, na kila mtoto nilikuwa nimemzawadia gramu hizo. Niliwaza nipime watoto wengi zaidi ili kosa lipungue. Halipungui. Makosa ya bahati nasibu, mtoto akirusha miguu, mkono wako ukitikisika, hufutana ukipima wengi. Kosa linalovuta upande mmoja hata ukipima wilaya nzima litakungoja palepale, na litaonekana la kuaminika zaidi kwa sababu sampuli ni kubwa.

Sasa ukamwone tena. Nenda alasiri, soko likiwa limepoa, kwa sababu mtoto aliyeamshwa au mwenye njaa atakupa majibu ya uongo. Beba mkeka, kikombe cha plastiki, kijiko na kipande cha chapati laini. Mkalishe mtoto mkekani, mama akiwa mbele yake, wewe pembeni. Gonga kikombe kwa kijiko upande ambao hakuoni, uone kama anageuka. Mpe kijiko mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Katika umri huu anapaswa kutumia yote miwili bila ubaguzi. Mtoto anayechagua mkono mmoja kabla ya kufikisha mwaka huenda ana shida na ule mwingine, na mama huwa anajivunia, "huyu ni wa mashoto", hajui. Tazama vidole kwenye kipande cha chapati: anakwangua kwa kiganja chote, au anaokota kwa kidole gumba na cha shahada? Ngumi iliyofungwa muda wote ni mbaya. Mshike makwapani umwinue. Miguu ikipishana kama mkasi na kukakamaa, andika. Mwishowe mwinamishe taratibu kichwa kikielekea mkekani. Kuanzia miezi 8 au 9 mtoto hufungua mikono yote miwili mbele kujikinga. Mkono mmoja usipotoka, umepata kitu ambacho swali la kutambaa lisingekupa kamwe. Pima na mzunguko wa kichwa, uuweke kwenye chati yake.

Kila kimoja kati ya hivi kinafanya kazi ileile ya karatasi yetu. Ulianza na 3 kwa 1,000, nyekundu ya fomu ikakufikisha kama 26 kwa 1,000, na kila jibu jipya linakupandisha au kukushusha kutoka hapo. Mtoto akikaa imara, akatumia mikono yote, akajikinga, utakuwa umerudi chini sana. Miguu ya mkasi na ngumi iliyofungwa itakupandisha haraka, na hapo nauli ya kwenda hospitali ya rufaa Mbale ina haki ya kuombwa. Bila hivyo unamchukulia mama faida ya mauzo ya siku kadhaa, anafunga meza yake, na nyumbani mama mkwe tayari ameanza kuuliza ni nani kamroga mtoto. Chini ya mwembe wetu walikuwa akina mama 997 wa namna hiyo.

Usiende ukamwambia "usijali". Alikwisha kujali, na ni wewe uliyemjalisha. Mwambie: "Mama, siku ile nilikutajia namba kwa kukosea. Watoto wengi wanaoonekana kama binti yako kwenye karatasi ile huwa ni wazima. Nimekuja nimwangalie vizuri, halafu nitakuambia nilichokiona." Kisha umwangalie kweli.

Ukikuta yuko sawa, mwombe awe anamtandikia mkeka jioni nyumbani, kifudifudi, kikombe kikiwa mbali kidogo na mkono wake, robo saa tu wakati anasubiri ugali uive, na awe mbali na jiko. Mpangie kurudi akifikisha mwaka mmoja. Siku hiyo uliza kwanza kama anasimama akiwa ameshikilia meza au mguu wa mama, kwa sababu dirisha hilo linafungwa miezi 11.4. Kutambaa uliza baadaye, kama bado utakuwa na hamu ya kujua.